Jicho la Baharia: Picha za Alfred Wallis na Tatizo la Istilahi

Makala haya yanakusudia kuzihakiki picha za Alfred Wallis, baharia wa Cornwall katika pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ambaye alishika brashi alipokaribia umri wa miaka 70 na kuanza kuchora merikebu za matanga ambazo wakati huo zilikuwa zimekwisha kuadimika baharini. Msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika ana haki ya kuuliza mchoraji huyu anatuhusu nini. Anatuhusu kwa sababu ya neno moja. Mnamo mwaka 1949 Sven Berlin, ambaye mwenyewe alikuwa mchongaji na mchoraji katika Cornwall, alichapisha kitabu juu ya maisha na kazi za Wallis, akakiita Alfred Wallis: Primitive. Neno hilo la mwisho tunalifahamu vyema. Ndilo walilobandikwa wachongaji wa vinyago vya Kongo na Gaboni katika makumbusho ya Ulaya, na ndilo zilizobandikwa tungo zetu zisizoandikwa, hata ikawalazimu walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968 kudai kwamba fasihi simulizi ifundishwe kama fasihi na si kama mabaki ya ujinga wa zamani.

Mwenye kutaka kulifasiri neno hilo kwa Kiswahili hukuta maneno kadha yakimngojea: -a kishenzi, -a kale, -a kiasili, -a mwanzo. La kwanza ni tusi. La pili ni uwongo, kwani Wallis alifariki mwaka 1942, naye alichora stima na madaraja ya chuma. La tatu lina heshima lakini halisemi kitu, maana ni sanaa gani isiyo na asili? La nne ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa linadai kuna ngazi moja ya sanaa ambayo watu wote huipanda, na kwamba wengine wamesimama kwenye kipawa cha chini. Dai letu ni kwamba hakuna hata moja linalofaa, na kwamba sababu ya kutofaa kwake haimo katika kamusi bali katika picha zenyewe. Basi hatuna budi kuzitazama.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi. Wallis alizaliwa Devonport, karibu na Plymouth, mwezi wa Agosti 1855. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba aliingia baharini akiwa na umri wa miaka tisa. Kwa hakika mnamo mwaka 1876 alikuwa baharia katika skuna zilizovuka bahari ya Atlantiki ya kaskazini kwenda Newfoundland, biashara ya samaki wa chumvi. Mwaka huo huo alimwoa Susan Ward, mjane mwenye watoto, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya hapo aliacha safari za mbali akavua samaki katika mashua za pwani; kisha akahamia mji wa St Ives na kufungua duka la vifaa vya vyombo, akinunua na kuuza kamba kuukuu, vyuma na matanga yaliyochakaa. Duka lilifungwa katika miaka iliyotangulia vita vya kwanza vya dunia. Mkewe alifariki mwaka 1922. Miaka michache baadaye, katika nyumba yake ndogo ya Back Road West, mzee huyu akaanza kuchora ili apate, kama alivyoeleza, kitu cha kumwondolea upweke.

Mwezi wa Agosti 1928 wachoraji wawili vijana, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuja St Ives kwa matembezi ya siku moja. Walipopita mbele ya nyumba ile waliona kupitia mlango uliokuwa wazi picha za merikebu zikiwa zimepigiliwa ukutani kwa misumari mikubwa iliyopenya kwenye kadibodi. Tokeo hili limesimuliwa mara nyingi mno, nasi hatutalirefusha. Lakini kuna jambo moja ambalo wasimulizi hulipita kwa haraka. Mji wa St Ives ulikuwa umejaa wachoraji tangu miaka ya 1880, mara tu reli ilipoufikia mwaka 1877. Watu hao walikodi maghala ya wavuvi wakayageuza kuwa vyumba vya kuchorea, wakachora bahari ile ile kila siku, nao walikuwa majirani wa Wallis. Hawakumwona. Ilihitaji macho yaliyotoka mbali, na hasa ya Wood ambaye alikuwa ameishi Paris na kujuana na Picasso, mahali ambapo vinyago vya Afrika na picha za Henri Rousseau vilikwisha kuwafundisha watu kustahi kile ambacho shule ya uchoraji haikukifunza. Kwa maneno mengine, njia iliyompeleka Wallis katika makumbusho ya Ulaya ilikuwa imelimwa na mikono ya wachongaji wa Kiafrika wasiotajwa majina. Hapo undugu baina yake na sisi si wa kubuni.

Tena njia ile ilikuja na ushuru wake. Aliyepokewa kwa jina la primitive alipokewa kwa sharti. Sharti lenyewe ni kwamba asiwe anajua anachokifanya. Wapenzi wake waliandika kwa mapenzi ya kweli juu ya jicho la mtoto, moyo safi, mkono usioharibiwa na elimu. Sifa hizi ni tamu masikioni, lakini zina athari moja: zinamwondolea msanii sifa ya ufundi na kumpa sifa ya bahati. Mtoto akichora nyumba iliyopinda hatumwiti fundi, bali twacheka na kumpenda. Sasa na tuulize kama Wallis ni mtoto wa namna hiyo.

Anayezitazama picha zake kwa mara ya kwanza hukuta mambo matatu ya kumsumbua. Merikebu ni kubwa kuliko nyumba zilizo karibu nayo. Bandari imechorwa kana kwamba inatazamwa kutoka juu, ilhali vyombo vilivyomo vimechorwa ubavuni. Na nchi kavu husimama wima kama ukuta, au hupinda pembezoni mwa kadibodi. Kanuni ya masafa, isemayo kwamba kilicho mbali kichorwe kidogo na mistari yote ikutane mahali pamoja, haifuatwi hata chembe. Mhakiki wa bara husema: hakufunzwa. Ni kweli hakufunzwa. Lakini kanuni ile ina sharti lake, nalo ni kwamba mtazamaji asimame mahali pamoja, asisogee, na afumbe jicho moja. Hakuna baharia duniani aliyewahi kuiona bandari kwa namna hiyo. Chombo kinapoingia bandarini kinageuka. Mnara uliokuwa omo unakuwa ubavuni, kisha tezi. Gati lililoonekana kama mstari linafunguka na kuonyesha tumbo lake. Rubani wa bandari hana picha moja kichwani, ana mfuatano wa alama: jiwe hili likikaa mbele ya kanisa lile, geuza usukani. Manahodha wetu wa Lamu na wa Pemba hupita milango ya miamba kwa elimu hiyo hiyo, na minazi na vilima ndizo alama zao. Elimu hii haina mahali pamoja pa kusimama.

Chukua ile picha ambayo iko katika makumbusho ya Tate, ambayo Wallis mwenyewe aliipa jina linaloorodhesha mahali pake: nyumba kuukuu, uwanja wa Porthmeor, kisiwa, na ufuo wa Porthmeor. Jina hilo ni mpangilio wa matembezi. Picha nayo hukusanya katika ubao mmoja sehemu ambazo jicho la mtu aliyesimama haliwezi kuzikusanya. Ni mji unaojulikana kwa miguu. Na tuongeze hapa jambo litakalowafurahisha wanafunzi wa isimu. Katika jina hilo Wallis aliandika Hold pale ambapo mwandishi aliyesoma angeandika Old, na Port Mear badala ya Porthmeor. Aliandika kama alivyotamka. Sauti ile ya h iliyoongezwa ni ushahidi wa lafudhi, kama vile maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yanavyotufunulia lahaja ya mwandishi. Makumbusho yameyaacha maendelezo yake kama yalivyo, na yamefanya vizuri. La ajabu ni kwamba wahakiki waliokubali kwamba maendelezo hayo yana utaratibu wa matamshi nyuma yake hawakukubali upesi kwamba michoro nayo ina utaratibu wa maarifa nyuma yake.

Tuje kwenye merikebu. Hapa ndipo hoja ya mtoto inapovunjika kabisa. Wallis alichora skuna, mashua za uvuvi zenye milingoti miwili na matanga ya hudhurungi, na stima zenye moshi mweusi. Na kila aina huonekana kuwa aina yake. Idadi ya milingoti na matanga haichanganywi. Dasturi hutokeza omo kama inavyopasa. Kamba zimepunguzwa sana, kwa kuwa brashi yake ni nene, lakini zile zilizobaki ndizo zinazobeba mzigo. Zaidi ya hayo chombo kinasafiri. Katika picha zake bora omo huinuka au huzama, ubavu hulala, na bahari haiwi sakafu ya chini bali ni nguvu inayosukuma: mapigo mapana ya nyeupe, ya kijivu na ya kijani iliyoiva, yaliyopakwa kwa mkono uliozoea kupaka rangi mbao za mashua. Mtazamaji aliyewahi kusafiri kwa jahazi wakati wa kusi atauhisi uzito wa maji tumboni kabla hajamaliza kutazama. Mtoto huchora meli. Hachori mwendo wa mawimbi ubavuni.

Ukubwa wa vitu nao una hesabu. Mnara wa taa wa Godrevy, uliojengwa mwaka 1859 kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya ghuba ya St Ives, huonekana mkubwa kuliko unavyoonekana na mtalii aliyeketi ufuoni. Kwa mtalii ni pambo. Kwa mvuvi arudiye usiku ndiyo alama ya kurudi nyumbani. Wallis alikipa kila kitu kipimo kulingana na haja ya mwenye usukani. Nyumba kwake ni vijisanduku vyenye madirisha, na inasimuliwa kwamba alisema hapendi nyumba, na kwamba angeweza kuziacha zote apewe merikebu moja. Msanii ambaye ana kipimo, na anakishikilia kipimo hicho katika mamia ya picha bila kuyumba, huyo ana kanuni. Kwamba kanuni hiyo haikuandikwa katika vitabu vya shule ya uchoraji ni jambo la shule, si la Wallis.

Kuhusu vifaa, yako mengi ya kusema, nasi tutakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo ufundi unapoonekana kwa uwazi zaidi. Wallis alichora juu ya kadibodi za masanduku alizopewa na wauza duka, juu ya vipande vya mbao, na juu ya chochote kilichokuwa bapa. Rangi zake zilikuwa zile za kupakia vyombo na nyumba, naye alishikilia kwamba rangi chache zinatosha. Vipande hivyo mara nyingi havikuwa na pembe nne sawasawa. Vilikuwa vimekatwa kwa mshazari, au vina pembe tano. Mchoraji aliyefunzwa angevinyoosha kwanza. Wallis aliviacha, akaipanga picha ifuate umbo la kadibodi: ukingo ulioinama ukawa mwinamo wa bahari, pembe iliyochongoka ikampa mahali pa kuelekeza omo. Tena aliiacha kadibodi yenyewe ionekane, kahawia yake ikawa tanga, au ubavu wa mashua, au mchanga.

Wengine wameyaita haya umaskini uliogeuka kuwa bahati njema. Nenda Lamu, au Matondoni, ukamtazame fundi anayeunda jahazi. Hachukui mti ulionyooka akaupinda uwe taruma. Huzunguka akitafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe, akalitazama, akaona ndani yake ubavu wa chombo, ndipo akalikata. Hakuna aliyewahi kusema kwamba fundi huyo ameshindwa kupata mbao zilizonyooka. Wallis, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliishi kwa kununua na kuuza vitu vilivyochakaa vya baharini, alijua kila kipande kina kazi yake kabla hakijatupwa. Mkono uliochagua kadibodi ni mkono ule ule uliopima kamba kuukuu dukani. Huo ni ufundi, nao una shule yake, ila shule hiyo haitoi shahada.

Ili tusionekane kumtetea mtu kwa kuwa tu alikuwa maskini, yafaa tumlinganishe na mabaharia wengine waliogeuka kuwa wachoraji. Jack Spurling, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1933, naye aliingia baharini akiwa kijana, akapata kuumia alipoanguka kutoka mlingotini, na baadaye akachora merikebu kubwa za mbio zilizochukua chai na sufu. Picha zake zilichapishwa katika miaka ya 1920, yaani miaka ile ile Wallis alipoanza kazi. Wote wawili waliona kwamba zama za tanga zimekwisha. Wote wawili walichora ili zisisahauliwe. Picha za Spurling zina kila kamba mahali pake. Mtu anayetaka kuunda mfano wa merikebu ile kwa vijiti na uzi atamshukuru Spurling, na hatapata msaada wowote kwa Wallis. Hili ni lazima likubaliwe. Lakini katika picha hizo merikebu hutazamwa kutoka nje, kana kwamba mchoraji amesimama juu ya maji ya mbali siku ya hali nzuri, naye anataka tuishangilie. Ni picha za sifa. Zinafanana na zile kasida za kumsifu mtawala ambazo hazikosei vina wala mizani, nasi twazisoma kwa heshima tusikumbuke kitu baadaye.

Wa pili ni Nicholas Pocock wa Bristol, aliyeishi kati ya 1740 na 1821. Huyu alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, na katika vitabu vyake vya safari alikuwa akichora chombo chake pamoja na maelezo ya upepo wa kila siku. Alipoacha bahari akawa mchoraji maarufu wa vita vya majini. Tarehe 1 Juni 1794 alikuwepo mwenyewe katika manowari ya Pegasus Waingereza walipopigana na Wafaransa. Hakuna mtu atakayemwita Pocock primitive. Lakini katika makumbusho ya Bristol kuna mchoro unaohesabiwa kuwa wake, wa merikebu iitwayo Southwell ikifanya biashara katika pwani ya Afrika, na biashara hiyo ilikuwa ya watumwa. Merikebu imechorwa kwa usahihi na kwa uzuri mwingi. Uzuri huo ndio unaomtia mtu baridi. Kalamu inayojua jina la kila kamba haikutetemeka ilipofika kwenye shehena. Hatuleti mfano huu ili kumsafisha Wallis. Samaki wa chumvi aliochukua katika ujana wake nao, katika karne zilizotangulia, walikuwa chakula cha watumwa wa visiwa vya Karibi, na hakuna biashara ya Atlantiki isiyogusana na nyingine. Tunauleta kwa sababu unaonyesha kwamba kufunzwa na kutofunzwa, maneno ambayo uhakiki wa sanaa umeyatumia kama mizani, hayatuelezi kile tunachohitaji kujua: mchoraji alikuwa amesimama wapi, na alikuwa anajali nini.

Sasa lawama. Picha za Wallis hazina tarehe isipokuwa chache, na wahariri wa makumbusho hulazimika kukisia. Kwa hiyo ni vigumu kusema alikua au alibadilika vipi. Baada ya mwaka 1928 alipata wanunuzi. Jim Ede, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Tate, alikuwa akipokea mafurushi ya picha kwa posta, akachagua na kulipa shilingi chache kwa kila moja. Katika mafurushi ya namna hiyo hapana budi kuwe na kurudiarudia. Ziko picha ambamo skuna ile ile inapita mbele ya mnara ule ule, na bahari imekuwa desturi ya mkono tu. Tena kuna suala la kumbukumbu. Mnamo mwaka 1935 Wallis alimweleza Ede katika barua kwamba anachora yale yaliyokuwako zamani, kutokana na kumbukumbu yake mwenyewe, na ambayo huenda watu wasiyaone tena kwa kuwa mambo yamebadilika. Maneno hayo yamemfanya aonekane kama mtunza kumbukumbu wa taifa. Lakini safari zake za mbali zilikuwa za ujana, naye alizichora baada ya nusu karne. Picha yake iitwayo Safari ya Labrador, yenye merikebu katikati ya barafu, ilichorwa katikati ya miaka ya 1930. Asomaye picha hiyo kama hati ya historia atapotea. Ni kama tenzi zetu za vita: mtunzi aliyekuwepo na mtunzi aliyesimuliwa hukutana katika ubeti, na kazi ya mhakiki si kuuliza upepo ulivuma kutoka wapi siku ile, bali kwa nini mtunzi ameuvumisha upepo huo hapo.

Hata hivyo mzee huyu hakuishi katika zamani peke yake. Mwezi wa Januari 1938 stima iitwayo Alba ilipanda miamba ya St Ives katika dhoruba, na mashua ya uokoaji iliyokwenda kuwachukua mabaharia wake ikapinduliwa. Wallis, aliyekuwa na miaka 82, aliichora ajali hiyo. Hapa hapakuwa na kumbukumbu ya ujana wala merikebu ya matanga, bali chombo cha chuma kilichovunjika karibu na mlango wake. Picha hiyo ni moja katika zile zenye nguvu zaidi. Yaani tukimwita mchoraji wa zamani tunampunguza. Alichora bahari, na zamani ilikuwa sehemu yake moja.

Linabaki suala la mapato, ambalo wahakiki wa sanaa huliona kuwa la aibu. Nicholson alikiri kwamba alijifunza kwa Wallis, na picha za Wood za mashua za Cornwall zilizochorwa kabla ya kifo chake mwaka 1930 zinaonyesha funzo hilo waziwazi. Ede alikusanya zaidi ya picha 100, ambazo sasa zimo katika nyumba ya Kettle's Yard, aliyoitoa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1966. Wallis mwenyewe alipelekwa mwaka 1941 katika nyumba ya maskini ya Madron, mahali alipopaogopa maisha yake yote, akafia huko tarehe 29 Agosti 1942. Hatumlaumu mtu mmoja mmoja. Waliompelekea karatasi na kalamu ili aendelee kuchora hadi mwisho walikuwa hao hao rafiki zake wasanii. Lakini jina la primitive lilisaidia kuufanya mpango huo uonekane wa kawaida. Mtu ambaye hajui thamani ya kazi yake hadhulumiwi akilipwa kidogo. Ndivyo mantiki inavyokwenda, nasi tumeiona ikitumika kwa wachongaji wa Kimakonde wanaouza kwa kilo, na kwa manju ambao nyimbo zao zilirekodiwa kwa zawadi ya sukari.

Tumesema kwamba istilahi zote nne hazifai. Je, tuna nini badala yake? Pendekezo letu ni kwamba tusitafute neno la kumweleza Wallis kwa kile alichokikosa. Kiswahili kina utajiri ambao wahakiki wa Kiingereza waliomwandikia hawakuwa nao karibu, yaani lugha ya chombo yenyewe. Tunaweza kuzungumza juu ya omo na tezi ya picha, juu ya farumi yake, maana picha nayo huhitaji uzito chini ili isipinduke. Tunaweza kusema picha hii imebisha na ile imekwenda na upepo. Huu si mchezo wa mafumbo. Washairi wa Mombasa tangu wakati wa Muyaka wameitumia lugha hiyo kwa mambo ya siasa na ya mapenzi, ikawachukua salama. Hata katika uchoraji tunao mwanzo. Katika Ngome ya Yesu umehifadhiwa ukuta wenye michoro ya merikebu na watu, iliyofanywa na walinzi wa Kireno katika karne ya 17. Na katika magofu ya miji yetu, kutoka Gedi hadi Kilwa, viko vyombo vilivyokwaruzwa kwenye lipu kwa ncha kali, ambavyo Peter na Margaret Garlake waliviorodhesha mwaka 1964. Wanahistoria wamevitumia kuhesabu milingoti. Mhakiki wa sanaa bado hajavisoma kama kazi za watu waliokuwa na shabaha, na yumkini mazoea ya kumsoma Wallis yatamsaidia kuanza. Mitepe iliyoonekana katika kuta hizo imetoweka baharini kama skuna za Newfoundland, na aliyeichora hatukumpa hata jina la tusi.

Wallis alizikwa katika makaburi ya Barnoon, juu ya ufuo wa Porthmeor. Rafiki zake walimwokoa asiingie kaburi la maskini, na Bernard Leach, mfinyanzi mashuhuri wa mji huo, akalifunika kaburi lake kwa vigae alivyovitengeneza mwenyewe. Juu ya vigae hivyo mna mnara mkubwa wa taa, na mtu mdogo mno mwenye fimbo akiingia mlangoni mwake. Maandishi yanamtaja kuwa msanii na baharia. Neno primitive halimo. Tangu mwaka 1993 makumbusho ya Tate yana tawi lake chini ya kilima hicho hicho. Kwa kipimo cha mchoro wa Leach, mnara ni mkubwa kwa sababu ndio unaotakiwa na arudiye. Mfinyanzi aliyefunzwa aliifuata hapo kanuni ya mzee. Ila amemchora akiingia nyumbani, na hakuna merikebu.